Mafuta ya Hajira

Katika vijiji vya kando ya barabara itokayo Ruangwa kwenda Nachingwea, mtu akitaja mafuta ya Hajira hakuna aliyeuliza ni Hajira yupi. Wanawake wengi walikamua ufuta, lakini ya wengine yaliwahi kuchacha, au yalikuwa na uchungu wa mbegu zilizoungua. Hajira aliukaanga ufuta wake kwa moto mdogo, akautwanga mpaka ukawa uji mzito, akauchemsha chunguni, kisha akakaa akiyaengua mafuta kwa kipande cha kibuyu bila kuzungumza na mtu. Watu waliyanunua kwa kupikia na kwa kujipaka, tena si hayo tu. Fundi cherehani wa Ruangwa aliyatia katika mashine yake. Wenye baiskeli waliyapaka kwenye minyororo. Wawindaji wa Kilimarondo waliyaagizia magobori yao. Hata bawaba za mlango wa msikiti zilipoanza kulia, waumini walichanga wakanunua chupa kwake. Hakikuwepo chombo cha kusuguana ambacho hakikunyamaza kikionja mafuta yale, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mteremko wenye mikorosho. Aliyeipanda ni mama yake, Mwantumu, miaka kadhaa kabla ya vita, wakati majirani wakimcheka kwamba anaitoa ardhi ya mtama kwa miti ya kivuli. Kwao, kama kwa Wamwera wengi, mali ilifuata upande wa mama. Mwantumu alipofariki miti ikawa ya Hajira, na baada ya Hajira ingekuwa ya binti yake, Mwanawetu. Bibi yule alikuwa ameacha na desturi ya nyumba yake mwenyewe: msichana akitoka unyagoni, siku anayovalishwa kanga mpya, hupelekwa shambani akaonyeshwa mstari wake wa miti. Hajira alionyeshwa wake ikiwa bado mifupi kuliko yeye. Mwanawetu alionyeshwa wake mwaka 1952, tayari mikubwa, matawi yakigusa ardhi, naye akaenda akiishika mmoja mmoja kwa kiganja kana kwamba anawaamkia wazee.

Mume wa Hajira, Halfani, alikwenda Tanga kukata mkonge. Barua ya kwanza ilifika, ya pili haikufika. Aliyebaki kuwa mwanamume wa nyumba ile ni Kaimu, mdogo wake Hajira. Kwa mila yao Kaimu ndiye mjomba: ndiye aliyesema kwa niaba ya dada yake, iwe posa, iwe kesi, iwe miti. Lakini mjomba hakuweza kuiuza miti wala kuiweka rehani mpaka dada atamke kwa kinywa chake mbele ya watu. Hajira hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angetakiwa kutamka.

Kampuni ya karanga ilipokuja Nachingwea, Kaimu alikwenda na wenzake kung'oa visiki, na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kushika mambo akaishia kwenye usukani wa lori. Zilikuwa nyakati za ajabu. Mitambo ilinguruma porini, reli ikajengwa, mshahara ukatoka kila mwezi. Kisha karanga zikakataa kuota kama zilivyotarajiwa, wakubwa wakafunga mizigo, na watu kama Kaimu wakarudi vijijini na kofia zao za kazi. Kofia ile Kaimu hakuivua. Alikaa barazani kwa dada yake, akisikia gari la mtu mwingine likipita barabarani, na kabla halijaonekana alikuwa ameshasema ni gia ya ngapi.

Basi Gaudens alipotangaza kuuza malori, Kaimu hakulala usingizi mzuri. Gaudens alikuwa karani wa stoo zamani, na kampuni ilipofunga alinunua magari machakavu mnadani, akayapaka rangi, akawa anayauza pale Nachingwea. Kaimu alitoa akiba yake yote ya usukani, Hajira akaongeza fedha za ufuta za misimu miwili, wakapata lori la kijani lenye bodi ya mbao. Mauziano yalifanywa mbele ya mashahidi, Ramadhani ya mwaka 1953 ikikaribia, na Gaudens, ambaye alikuwa Mkristo lakini aliyajua masiku ya watu wake, aliweka sharti moja waziwazi.

"Injini ikifa kabla ya Maulidi yenu, ni juu yangu," alisema. "Baada ya Maulidi mtajuana nayo wenyewe."

Hajira aliyahesabu maneno yale kuwa ya mtu mwungwana. Na kwa kweli yalikuwa hivyo.

Kiangazi kile kilikuwa kizuri kwao. Watu waliliita lile lori Karanga, kwa utani, kwa sababu lilikuwa masalia ya kampuni, na Karanga lilibeba mtama wa Marambo, ufuta wa Kilimarondo, wagonjwa wa kupeleka hospitali ya misheni Mnero na maharusi wa kurudi nao. Kaimu alinenepa kidogo. Hajira alianza kuzungumza juu ya bati la nyumba.

Mwezi wa Septemba Kaimu alirudi kutoka Kilimarondo na gari linalogonga kama mtu anayebisha hodi bila kujibiwa. Alilisimamisha uani kwa dada yake, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu. Alikuwa ameweka oili juma lile lile. Akakaa kwenye bampa akijikuna kichwa, na Hajira alipomwuliza akamweleza kwamba injini imeanza kunywa, na kwamba lililo sawa ni kulirudisha kwa Gaudens, maana Maulidi bado. Lakini Gaudens angelikalia gari majuma mengi akisubiri vipuri, na huu ndio ulikuwa msimu wa mazao. Wenye ufuta wasingemngoja Kaimu. Wangepakia kwa wengine, na wakishazoea kwa wengine hawarudi.

Hajira alitaka kujua hiyo oili kazi yake nini hasa mle ndani.

Kaimu alimweleza kwamba kuna vyuma vinapanda na kushuka, vinasuguana, bila mafuta vinalana.

Dada mtu aliingia ndani, akatoka na chupa.

"Dada, haya ya kupikia," Kaimu alisema.

"Na cherehani ya fundi nayo inapika?"

Kaimu alicheka. Aliishika ile chupa, akaitazama kwenye mwanga. Huko kwenye kampuni alifundishwa kuendesha. Kufungua injini ilikuwa kazi ya wengine, na dereva aliyeingiza mkono alikatwa mshahara. Kwa hiyo alichokijua juu ya mafuta ya injini hakikuzidi sana alichokijua dada yake, isipokuwa bei. Akamimina. Akawasha. Injini ikagonga mara chache, kisha ikatulia, ikawa inakoroma polepole kama paka. Ndugu wale wawili walitazamana, na Hajira akaifuta mikono yake kwenye kanga kwa namna ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Tangu siku hiyo Karanga halikukosa kopo la mafuta ya ufuta chini ya kiti. Oili ya duka iliwekwa ilipopatikana, ya Hajira iliwekwa kila siku. Alikamua zaidi kuliko miaka yote. Mwanawetu alitwanga mpaka viganja vikaota sugu, na wote wawili waliifanya kazi hiyo kwa furaha, kwa sababu waliona gari linakwenda. Gari lilipopita, kijiji kizima kilinuka kashata. Watu walitania kwamba siku hizi ukitaka kujua Kaimu amepita lini, unanusa barabara. Alipokuwa akipumzika, Kaimu aligusia mara moja au mbili kwamba afadhali Gaudens alione gari kabla ya Maulidi. Hajira alimwuliza alione kwa sababu gani ilhali linakwenda. Maulidi yakasomwa Ruangwa, na Karanga ndilo lililowapeleka watu wa kijiji, limejaa mpaka juu, wanawake wakiimba kaswida huku Kaimu akipiga honi katika kila kona.

Likafa mwezi wa Desemba. Lilikuwa na korosho za Hajira mwenyewe, naye alikaa mbele pembeni ya ndugu yake, wakienda Nachingwea kuuza. Kwenye kilima kimoja injini ilitoa mlio kama kinu kinachopasuka, moshi ukafunika kioo, gari likasimama, na mvua ya kwanza ikawakuta palepale. Walivutwa na lori jingine hadi kwa Filbert.

Filbert alikuwa mtu wa Mnero, mnene, mpole, aliyejifunza ufundi wa chuma misheni na kuumalizia kwenye kampuni. Alilifungua Karanga chini ya kibanda chake cha bati, wateja wengine wakitazama. Kifuniko cha chini cha injini kilipotoka, harufu ikatawanyika, na kijana mmoja akauliza nani anayekaanga. Watu wakaangua kicheko. Filbert hakucheka. Aliingiza kidole, akakitoa kikiwa na utomvu mzito wa kahawia, unaovutika kama ulimbo wa kutegea ndege.

"Nini hiki?" aliuliza.

Kaimu alitazama chini. Aliyejibu ni Hajira. "Mafuta ya ufuta. Yangu."

"Mama, haya ni mafuta mazuri," Filbert alisema, na hakuwa anakejeli. "Kwenye baiskeli ni mazuri, cherehani nayo inayapenda. Lakini huku ndani ni moto mtupu. Yanaungua, yanaganda, yanaziba njia zote. Vyuma vimekaa vikavu muda mrefu, ninyi mnadhani vimelowa." Akamgeukia Kaimu. "Lilianza kunywa oili lini?"

"Septemba."

Filbert alikifuta kidole chake kwa kitambaa. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayelazimika kutoa habari ya msiba, kwamba Septemba ugonjwa ulikuwa ringi tu, vile vyuma vyembamba vinavyozunguka pistoni. Zingebadilishwa, gari likatembea, na gharama ingekuwa ya Gaudens. Sasa pistoni zimeshika, silinda zimechubuka, kranki imeliwa.

Hajira aliyasikia yote. Hakuuliza maana ya kranki. Alielewa jambo moja, na lilimtosha: asingeipeleka ile chupa uani, Kaimu angekwenda kwa Gaudens.

Walimwendea Gaudens hata hivyo. Alitoka mwenyewe, akafuatana nao hadi kwenye kibanda, akainama, akanusa. Aliwakumbusha kwamba Maulidi yamepita. Kaimu akamwambia kwamba ugonjwa ulianza kabla. Gaudens akauliza ni nani aliyemwambia habari hiyo kabla.

"Mimi niliwauzia lori," Gaudens alisema. "Ninyi mkaligeuza kikaango. Kikaango sina dhamana nacho."

Wateja walicheka tena, na safari hii Hajira alijifunika kanga usoni.

Injini mpya ilikuwa ndoto. Hata kutengeneza ile ya zamani kwa vipuri vilivyotumika, pamoja na kuagiza vingine Dar es Salaam kwa meli mpaka Lindi, kulizidi fedha zote walizozitumia kununua lori. Kaimu alirudi nyumbani akakaa barazani siku nyingi. Hakumlaumu dada yake hata kwa neno moja, na ukimya huo ulimchoma Hajira kuliko lawama. Ndugu wa ukoo walikuja kupiga maneno. Wengine walisema lori liachwe lioze. Wengine walisema fedha zimeshaingia humo, ukiliacha umezizika. Hatimaye Kaimu akaja jikoni, mahali ambapo kwa kawaida hakuingia, akachuchumaa karibu na mafiga.

"Shaban yuko tayari kutoa," alisema. "Anataka mikorosho."

Shaban alikuwa mwenye duka Ruangwa, mtu aliyetoka upande wa Kilwa, na rehani yake ilijulikana: unachukua fedha leo, yeye anaokota korosho kila msimu, na hazihesabiki katika deni. Siku utakapoleta fedha yake yote kwa mkupuo, miti inarudi.

"Ipi?" Hajira aliuliza.

"Yote, dada."

"Na mstari wa Mwanawetu?"

Kaimu alichukua kijiti akaanza kuyafukua majivu. "Msimu mmoja tu. Gari likitembea tena, msimu mmoja naikomboa. Ukikataa, sitakulaumu."

Mwanawetu alikuwa nje akipepeta. Ungo ulinyamaza. Hajira angeweza kukataa, mila ilimpa haki hiyo, na hakuna mtu ambaye angemlaumu mbele ya uso wake. Lakini alimwona ndugu yake mwenye kofia ya kazi akizeeka barazani kwake, akitaja gia za magari ya wengine, na alijua ni mkono gani uliomleta hapo.

"Waite watu," alisema.

Ungo ulianza tena, polepole.

Alitamka mbele ya mashahidi, kama ilivyotakiwa. Shaban alipouliza kama lipo neno lililosalia, Hajira alisema lipo moja.

"Mabibo yabaki yetu. Korosho chukua. Mabibo ni yetu."

Shaban alitabasamu. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yalianguka kwa maelfu yakaoza chini ya miti, yakaliwa na nguruwe pori na nyuki. Hakuna duka lililoyanunua. "Mama Mwanawetu, hayo chukueni hata kwa kapu la kulala mtu," alisema, na watu wakacheka kidogo, nao mkataba ukaisha hivyo.

Vipuri vilichelewa. Masika yalikata barabara ya Lindi, na Filbert hakuweza kufanya kitu ila kulifunika Karanga kwa turubai. Lilipowaka tena, mtama ulikuwa umeshavunwa. Filbert alimwonya Kaimu waziwazi: kranki hii, uti wa mgongo wa injini, imetoka kwenye gari lililokufa, tumeichonga ikabaki nyembamba, usilipakie gari kama zamani, usilikimbize kilimani. Kaimu aliitikia. Kwa majuma kadhaa alikwenda kama mtu aliyebeba mayai. Hajira hakuligusa lile gari, hata mkono hakuuweka juu yake. Kaimu akiliegesha uani, yeye alipita nyuma ya nyumba.

Lakini mzigo mwepesi haukomboi miti. Oktoba ilipokaribia na mikorosho ikaanza kuzaa, Kaimu alipiga hesabu zake, akaona kwa mwendo ule msimu ungemkuta mikono mitupu. Akaenda Kilimarondo kuchukua ufuta wa mwisho. Waliokuwepo walisimulia baadaye kwamba magunia yalipita ubavu wa bodi, na alipoambiwa apunguze alisema dada yake anamngoja.

Kranki ilikatika porini, mbali na kijiji chochote, mahali ambapo tembo walikuwa wakivuka njia. Kaimu alikaa na gari mpaka maji yakamwishia. Wenye ufuta walikuja kuchukua magunia yao kwa vichwa. Filbert alipopelekewa habari hakwenda kuliangalia. Alituma salamu za pole, kama wafanyavyo watu wanapofiwa. Lori lilibaki huko. Kwanza ziliondoka mbao za bodi, kisha viti, kisha magurudumu. Mwaka uliofuata Hajira alikuwa sokoni Ruangwa akitandaza chupa zake, chache siku hizo, mwanamume mmoja akasimama mbele yake kuuliza bei. Alikuwa amevaa ndara za tairi. Hajira aliziona, akazitambua kuwa za Karanga kwa kibandiko chekundu kwenye kamba zake za mpira, ambacho Kaimu mwenyewe alikigundisha siku waliyopata pancha wakitoka Mnero. Alimwuzia yule mtu chupa yake, akafunga vitu vyake, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri.

Kaimu alikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi. Aliahidi kutuma fedha za kukombolea, na mwanzoni alizituma, kidogo kidogo, lakini Shaban hakupokea vipande, na njaa ya mwaka ule ikavila vipande vyote. Alipoondoka aliiacha ile kofia kwenye kigingi kando ya mlango. Mwanawetu aliolewa Marambo. Aliondoka na vyombo na mkeka, na alipofika kwenye mteremko hakugeuza uso.

Kila msimu wa korosho msimamizi wa Shaban huja na madebe, akatafuta wanawake wa kuokota kwa ujira. Msimu wa kwanza Hajira alijifungia ndani. Wa pili alitoka, kwa sababu chumvi ilikuwa imekwisha, na kwa sababu hakuvumilia kusikia wageni wakivunja matawi. Anajua mti upi huanza kudondosha na upi huchelewa, na mahali ambapo korosho hujificha kwenye majani makavu. Hujaza debe mapema kuliko wenzake. Msimamizi, ambaye si mtu wa huko, alipata kumsifu kwamba mama huyu ana mkono, na akamwuliza kama amewahi kufanya kazi hii mahali pengine.

Hajira alimjibu kwamba hapana, ni hapa hapa tu.

Huinama, huokota bibo, hulishika kwa mkono wa kushoto na kuinyonga korosho kwa mkono wa kulia. Korosho huiweka kwenye debe la Shaban. Bibo hulifuta vumbi kwa kanga na kuliweka kwenye kapu lake, hata lililopondeka, hata lililoanza kuchacha, na jioni hujitwisha kapu lote, zito kuliko awezavyo kulila mtu mmoja, akapanda nalo mteremko mpaka nyumbani.